Mimi Sikoromi

Jumatatu, 4 Novemba 2002

Siku mbaya. Tena bila kosa langu.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya kizuizi cha askari, nikimrudisha Madame Mathilde, mkuu wetu, kutoka mkutanoni Kigobe, hapa Bujumbura. Magari saba mbele yetu. Nilifumba macho kidogo ili kuyapumzisha. Kufumba macho si kulala. Nilipoyafumbua, mbele hapakuwa na gari hata moja, nyuma walikuwa wanapiga honi, na askari alikuwa anagonga kioo kwa pete yake. Nikasema nilikuwa ninasali. Askari akavua kofia. Madame Mathilde hakuvua kitu. Aliniangalia tu kwenye kioo cha ndani mpaka tukafika ofisini Kinindo.

Kusinzia wiki hii, kati ya wiki zote! Namaanisha, kusali. Mzee Gélase, mkuu wa magari yetu yote (chef charroi, ndivyo tunavyosema ofisini), anastaafu mwisho wa mwezi. Wanaotaka nafasi yake ni wawili. Wa kwanza ni mimi, Cirimwami, mzaliwa wa Bukavu, dereva kwa miaka kumi na tisa sasa, sijawahi kugonga hata mbuzi. Wa pili ni Méthode, kijana wa juzi, mwembamba, anayeosha gari hata lisipokuwa chafu. Mkuu wa magari ana meza. Ana kiti chenye mikono. Hashiki usukani mchana kutwa kwenye joto hili la ziwani. Nikipata nafasi hiyo nitapumzika, na uchovu wote huu utakwisha. Nimemweleza hivyo Béatrice, mke wangu. Amesema kumbe nimekubali kwamba ninachoka. Sikukubali chochote.

Tatizo ni hili. Mwezi uliopita dereva mwenzetu mmoja alisinzia kwenye barabara ya Rumonge akaegesha gari ndani ya shamba la mihogo. Hakufa mtu. Lakini tangu hapo shirika linataka kujua madereva wake wanalalaje. Kazi ya shirika ni kugawa magodoro kwa waliokimbia vita. Sasa linataka kuchungulia na godoro langu!

Mchana ilikuwa zamu yangu kwa Christa, muuguzi wa shirika. Amenizungushia utepe wa fundi cherehani shingoni. Sentimita arobaini na tano. Nikamshukuru. Akasema hiyo si sifa. Mtu mwenye shingo nene, anasema, usiku koo lake hujifunga, pumzi inakatika, moyo unafanya kazi ya punda, na mchana kutwa mtu anasinzia. Tansiyo, yaani shinikizo la damu, kumi na saba kwa kumi na moja, juu mno, anasema. Kisha maswali. Unakoroma? Hapana. Unaamka kichwa kinauma? Hapana. Unasinzia ukiwa umekaa? Hilo la tatu sikulijibu. Christa anadai nilikuwa nimelala. Mimi nilikuwa natafuta jibu.

Amenipa daftari. Usiku saba, kuanzia leo. Kila asubuhi anayelala na mimi chumba kimoja aandike alichosikia, atie sahihi. Litarudishwa Jumatatu ijayo. Bila daftari safi, hakuna kiti chenye mikono.

Jumanne, 5 Novemba

Daftari si safi tena. Nimeamka nikakuta Béatrice amejaza ukurasa mzima. Ukurasa mzima kwa usiku mmoja! "Saa tano, anakoroma. Saa tano na nusu, kimya. Nimehesabu mpaka ishirini na sita. Nimemsukuma, amerudi." Amerudi kutoka wapi? Sikwenda popote.

Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni karatasi ya kazi, na kwenye karatasi za kazi watu hawaandiki kila kitu. Nikamwahidi kitenge. Akauliza kipi. Nikasema atachagua mwenyewe. Akasema vizuri, atachagua, na kwamba ataendelea kuandika anachosikia, bila uongo. "Mi siandike bongo, Baba Irène. Kama weye unajisikiaka wakati unalala, basi andika weye."

Hoja ya ajabu. Nani anajisikia akilala? Ndiyo maana nasema hakuna ushahidi. Nimeishi na mimi mwenyewe miaka arobaini na tisa na sijajisikia nikikoroma hata mara moja.

Anayeweza kunitetea ni Irène, binti yetu. Lakini tangu mwaka jana analala kwa shangazi yake. Anasema kule ni karibu na shule. Shule yenyewe inaonekana kutoka dirishani kwetu. Watoto wa siku hizi hawajui kupima umbali.

Jioni nimelitafuta daftari. Chini ya godoro, hapana. Ndani ya ndoo ya unga, hapana. Nyuma ya picha ya Bikira Maria, hapana, na nimemwomba radhi. Béatrice alikuwa amekaa akinitazama, anakunywa chai. Daftari limo ndani ya blauzi yake.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango mpya, na ni rahisi. Anayeandika ni yule anayelala na mimi chumba kimoja. Basi nisilale na mtu chumba kimoja! Jana usiku nilihamia sebuleni, juu ya viti viwili vilivyotazamana. Nikafunga mlango.

Asubuhi, ukurasa mwingine. Béatrice anasema hakuhitaji chumba. Kukoroma kulipita ukutani bila shida. Ila kule kunyamaza hakukusikia vizuri, kwa hiyo alichukua mkeka akaja kukaa mlangoni. Nikamwambia kukaa mlangoni ni upelelezi. Macho yake ni mekundu. Chai anayokunywa imezidi.

Kuna baya zaidi. Jirani yetu Sylvère ni mwalimu wa shule ya msingi, na sebule yetu na chumba chake vina ukuta mmoja. Alinisubiri bombani. Kwa adabu yake yote ya darasani akaniuliza kama nimeweka fundi wa kupasua mbao, na kama fundi huyo hawezi kufanya kazi mchana. Nikasema ndiyo, ni kabati, atamaliza wiki hii. Sasa lazima nitafute kabati.

Shingo inauma. Kichwa kinauma. Ni vile viti.

Ofisini Méthode ameniletea chai bila kuombwa. Vijiko vitatu vya sukari, kama ninavyopenda. Amejuaje? Huyu kijana anapanga jambo. Nimekunywa yote lakini sikumshukuru.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo akili imefunguka. Kwa nini nigombanie daftari moja wakati dukani yamejaa? Nimenunua la pili, jalada lile lile la bluu, twiga yule yule. Béatrice aandike la kwake mpaka kalamu iishe wino. Mimi nitapeleka la kwangu.

Kikwazo ni mwandiko. Wangu Christa anaujua kutoka kwenye kitabu cha safari. Nikaenda kwa Sylvère. Ana mwandiko wa ubaoni, mzuri mpaka unaona haya kuutumia kuandika uongo. Alisita. Nikamwahidi kumpeleka mama mkwe wake Kigobe kwa gari la shirika, na mizigo yake yote. Akauliza kama ni kwenda tu, bila kurudi. Nikasema kwenda tu. Akachukua kalamu.

Kwa kikao kimoja tumejaza kurasa zote saba! Hata za usiku ambao haujafika. Kwa nini nimsumbue mwalimu kila siku? Sylvère alitaka kila ukurasa uwe na lake, anasema mkaguzi akiona majibu yanafanana anashtuka. Basi Jumatatu: "Amelala ubavu, kimya." Jumanne: "Ametabasamu usingizini." Jumatano nilitaka tuandike kwamba nimeota naimba kwaya. Sylvère akakataa, akasema tusizidishe. Ya Jumapili, ya mwisho, ndiyo nzuri kuliko zote, nimeitunga mwenyewe: "Usiku mtulivu kabisa. Tumelala wote mpaka saa kumi na mbili. Hata mbwa hakubweka." Chini yake sahihi yenye mkia mrefu, mfano wa ile ya Béatrice.

Na ili nisiwe mwongo mtupu, leo nakesha. Asiyelala hakoromi. Nimechemsha kahawa, thermos nzima. Sasa ni saa tatu na niko macho kabisa.

Ijumaa, 8 Novemba

Usiku ushindi, mchana aibu. Nianze na ushindi.

Nimekesha. Sikukoroma hata mara moja, naapa, nilikuwepo. Na Béatrice alilala! Aliweka kichwa chini saa tatu na nusu, hakugeuka mpaka asubuhi. Tena alikoroma yeye. Kidogo, mfano wa paka, lakini nilimsikia, na saa nimeiandika kiganjani. Asubuhi uso wake ulikuwa mwingine. Alikoroga uji akiimba. Sikumbuki lini nilimsikia akiimba. Kwenye daftari lake ameandika neno moja tu: "Nimelala." Neno hilo lilinikaa moyoni mpaka kazini, sijui kwa nini.

Sasa mchana. Saa tano nilipeleka lori kwenye stoo kupakia magodoro mia moja na ishirini ya kambi ya wakimbizi. Yakapakiwa. Nikapanda nyuma kuhakikisha yamepangwa vizuri. Dereva mwenye kujua kazi huhakikisha. Yalikuwa yamepangwa vizuri sana.

Walinitafuta, hawakuniona. Madame Mathilde akamwambia Méthode achukue lori, kambi inangoja. Méthode akafunga turubai, akaondoka. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini askari wakasikia mngurumo ndani ya mzigo. Wakaamuru kila mtu alale chini. Méthode, wapakuzi wawili, na mama mmoja wa maandazi aliyekuwa anapita na beseni lake. Wakalizunguka lori. Wakainua turubai kwa ncha ya bunduki. Haya yote nimesimuliwa. Mimi nakumbuka bunduki, na sauti ya yule mama kutoka chini: "Ni mutu tu! Iko analala!"

Nilimweleza kamanda kwamba nilikuwa nalinda magodoro. Akauliza nayalinda na nini. Askari mmoja alikuwa kijana mdogo sana na kidole chake kilikuwa kwenye kile chuma cha kufyatulia. Ni Méthode aliyesema na kamanda, taratibu, mikono juu, kwamba huyu ni mkubwa wake kazini, ni mgonjwa, wamsamehe.

Mgonjwa! Mbele ya watu! Analichafua jina langu huku anaonekana kunisaidia. Lakini alipopanda garini alishindwa kuwasha, funguo zilikuwa zinamcheza mkononi. Mwandiko wa leo ni mbaya, naona mwenyewe.

Jumamosi, 9 Novemba

Barua ya onyo. Madame Mathilde hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alisema kama ningelala vile nikiwa mbele ya lori badala ya nyuma, leo angekuwa anaandika barua nyingine, kwa Béatrice. Kisha akasema uamuzi wa nafasi ni Jumanne, na anasubiri daftari. Nikamhakikishia kwamba daftari litamfurahisha.

Jana usiku kahawa ilishindwa, usingizi ukanichukua, nadhani saa sita. Béatrice ameandika kurasa mbili. Haimbi tena.

Sylvère amekuja kuuliza mama mkwe ataondoka lini. Na kabati likoje.

Jumapili, 10 Novemba

Nimesinzia kanisani. Si mimi peke yangu, mwenye kikapu cha sadaka pia alisinzia, lakini yeye hakuna aliyemgeukia. Padri alisimama katikati ya mahubiri akangoja nimalize. Béatrice aliniamsha kwa kiwiko. Nikaitikia "Amina" kwa sauti kubwa. Haikuwa mahali pake.

Saa mbili usiku. Milio ya mabomu kutoka milimani, ile mizito. Umeme umekatika. Korido yetu haina dirisha na kuta zake ni za matofali ya kuchoma, kwa hiyo majirani wa upande huu wa nyuma wa mtaa wetu, Kibenga, wote hukimbilia kwetu. Sylvère, mkewe, watoto wao watano, mama mkwe. Wale wa nyumba ya kona. Na Méthode! Alikuwa anarudi kwake, njia zimefungwa, hawezi kupita. Tuko watu kumi na wanne. Naandika kwa mshumaa. Béatrice anagawa mikeka. Mimi silali. Mwenye nyumba hawezi kulala wageni wake wakiwa

Jumatatu, 11 Novemba, asubuhi

Nililala. Naandika nilivyosimuliwa, maana kila mtu ana hamu ya kunisimulia.

Mabomu yalipiga mpaka saa nane. Moja lilianguka karibu, vumbi la dari likatumwagikia wote. Sikuamka. Wanasema mwanzoni waliogopa mabomu, baadaye wakaniogopa mimi. Nakoroma, nakoroma, halafu kimya. Kifua kinapanda lakini hakuna hewa inayoingia. Watu kumi na watatu kwenye giza wanasikiliza kama nitavuta pumzi. Nje kunalia, hakuna anayejali. Watoto wa Sylvère wakaanza kuhesabu kwa sauti, kama darasani. Kumi. Ishirini. Safari moja walifika arobaini na moja. Mama mkwe akatoa rozari akaanza sala za marehemu. Hapo nikavuta pumzi kwa kishindo, na korido nzima ikasema asante Yesu.

Mara ngapi? Baada ya sitini watoto waliacha kuandika ukutani. Alama za mkaa bado zipo. Mkubwa wao anadai nimeyashinda mabomu kwa mbali.

Aliyekaa nyuma yangu mpaka alfajiri ni Méthode. Alinigeuza ubavu, akaniegemeza kwa magoti yake nisirudi chali. Béatrice alipotaka kumpokea, akamwambia: lala, mama, leo zamu ni yangu. Na Béatrice akalala. Muda wa saa tatu nzima, katikati ya mabomu.

Kulipokucha Méthode aliniita pembeni. Macho mekundu, shati limejaa vumbi. "Mukubwa, wende kwa munganga. Ile poste ya Mzee Gélase mi nakuachia, nitaandika barua. Ila wende." Nimelifikiria hili kwa makini wakati napiga mswaki. Anataka niwe hospitali kesho, siku ya uamuzi, nafasi ipite bila mimi! Anadhani mimi mtoto.

Jumatatu, jioni

Nimepeleka daftari. Lile langu. Nilikuwa na haraka, sikulifungua tena.

Christa alianza kusoma akitikisa kichwa kwa kuridhika. Jumatatu, vizuri. Jumanne, anatabasamu, vizuri sana. Mwandiko mzuri wa Mama Béatrice, akasema, amesomea wapi? Nikasema kwa masista. Alipofika ukurasa wa mwisho kichwa kikasimama. Akausoma kwa sauti. Jumapili. Usiku mtulivu kabisa. Tumelala wote mpaka saa kumi na mbili. Hata mbwa hakubweka.

Christa anakaa Kinindo. Jana alilala chini ya meza ya chakula na dada zake wawili na kuku wao. Akauliza hii ni Kibenga gani. Kisha, bila hasira, akasema kwamba katika Bujumbura nzima jana hakuna mtu wala mbwa aliyelala kwa utulivu. Aliyeandika haya ama ni mwongo, ama ni mtu asiyesikia bomu usingizini, na huyo ni mgonjwa sana. Akauliza mimi ni yupi kati ya hao wawili. Nikachagua mwongo. Ilionekana nafuu.

Hapo mlango ukafunguka. Béatrice. Alikuwa ametoka Kibenga kwa miguu, na barabarani askari walikuwa bado wanapekua watu. Hakunisalimia. Akatoa daftari kifuani, akaliweka mezani. Christa akalisoma mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimewahi kulisoma. Nikasema ukurasa mmoja na neno moja. Akanipa.

Ni saa na hesabu tu. Saa sita na dakika kumi, thelathini na mbili. Saa saba kasoro, ishirini na tisa. Saa saba na robo, thelathini na tano, nimempiga mgongoni. Ukurasa baada ya ukurasa. Na mwisho wa kila usiku sentensi moja: "Sasa ni asubuhi, anapumua." Jumatatu hivyo. Jumanne hivyo. Jumatano hivyo. Usiku wa Alhamisi peke yake, ule niliokesha, ndio hauna sentensi hiyo.

Nikamwuliza Béatrice ameanza lini kuhesabu. Akasema mwaka wa tisini na sita. "Mi nikilala, ni nani atakusukuma?" Alisema vile vile anavyosema chumvi imeisha.

Nimelia. Kidogo tu, na naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Miaka sita! Mimi nilidhani ni chai.

Jumanne, 12 Novemba

Méthode ndiye mkuu wa magari. Ile barua ya kuniachia nafasi kumbe aliiandika kweli. Madame Mathilde alinisomea yote, kisha akaikunja akamrudishia, akasema mtu anayeandika barua ya namna hii ndiye anayemtaka. Nimeitafuta hila iliyomo ndani ya barua hiyo mchana kutwa. Bado sijaipata, lakini imo.

Mimi sigusi usukani mpaka nilete karatasi ya daktari. Miadi imeshachukuliwa, Ijumaa saa tatu asubuhi, kwa daktari wa moyo na mapafu. Shirika ndilo linalolipa. Kwa sasa nalinda stoo. Niliuliza kama ni ile ya magodoro. Madame Mathilde akasema ni ya ndoo na sabuni.

Christa naye ametoa masharti. Nisilale chali. Bia ya jioni, basi. Shingo ipungue, maana yake tumbo litangulie kupungua. Nisiyapuuze haya, anasema, kwa sababu moyo unaokosa hewa mara sitini kwa usiku hautangoja nistaafu. Na Béatrice ashone kitu kigumu mgongoni mwa shati langu la kulalia, ili nikigeuka chali kiniamshe. Béatrice ameshona kokwa la avoka, yaani parachichi. Alichagua avoka sokoni kwa kuangalia kokwa.

Nimeahidi yote. Mbele ya watu watatu, mkono kifuani. Na nilimaanisha. Mpaka chakula cha jioni nilimaanisha.

Jumamosi, 16 Novemba

Ukiitazama kwa jumla, wiki nzuri.

Kokwa la avoka nimelitoa Jumatano. Linachoma mgongo, na mtu hawezi kupona huku anaumia. Nimenunua pamba ya hospitali, nikafinyanga donge la ukubwa ule ule, nikashonea mahali pake. Béatrice akipapasa kwa nje haoni tofauti. Nalala chali bila maumivu. Christa angefurahi kuona hali yangu.

Kwa daktari jana sikwenda. Nilifika mpaka kwenye ngazi. Foleni ilikuwa ndefu, na kwenye foleni ningesinzia, na daktari angenikuta nimesinzia, na hapo angeamini maneno ya watu. Nimemwepusha asikosee. Nikaenda kukaa kando ya ziwa, bia moja, mpaka saa ya watu kutoka kwa daktari ifike. Ilichelewa kufika. Bia nne. Nikamwambia Béatrice daktari ameridhika. Akauliza karatasi iko wapi. Nikasema bado wanaipiga muhuri. Akaniangalia mpaka nikaenda kunawa miguu.

Lakini lile neno lake la Jumatatu halijanitoka. Miaka sita mke wangu halali! Mume gani anaweza kujua hivyo akakaa kimya? Nimewaza siku nne. Stoo ya sabuni ina utulivu mzuri wa kuwaza, ukitoa saa nilizolala. Na nimegundua tulikosea wapi wote, na Christa, na Madame Mathilde, na yule Méthode. Tulikuwa tunahangaika na usingizi wangu, ambao hauna tatizo. Asiyelala ni Béatrice. Anayehitaji dawa ni Béatrice. Na ugonjwa wake uko masikioni.

Pamba ilikuwa imebaki. Nimesokota vizibo viwili, nikavilainisha kwa vaselini, nikavifunga kwenye karatasi safi. Jioni hii nimempa. Nikasema ni agizo la daktari mwenyewe: mke azibe masikio, alale mpaka kuche, asihangaike tena na kuhesabu. Nilitazamia atashangilia. Siku zote hizi kuna mtu mwingine aliyemfikiria?

Aliviweka kiganjani akavitazama. Amechoka, Béatrice wangu, anachoka hata kukaa. Akachukua kimoja, akakitia sikio la kushoto. Cha pili akanirudishia. "Hii sikio ingine ni yako, Baba Irène." Kisha akajilaza, sikio la wazi likielekea upande wangu, akafumba macho.

Sijaelewa alichotaka kusema. Masikio yangu hayana shida, mimi nalala vizuri. Kimebaki kizibo kimoja na nusu ya pamba, lakini haitapotea. Kesho asubuhi nitampelekea Sylvère, nimwambie imetoka Ulaya.